Neno la Jamaa juu ya Bibi Agnes Atakaye na Mabibi zetu wa Mpala



Katika furaha ya Yubile hii tunamkumbuka mama mmoja. Mapadri Weupe walipokea Mpala, kando ya ziwa Tanganyika, mwaka 1885. Kapiteni Joubert akafika mwaka 1887 kuwalinda watu na watekaji wa watumwa. Mwaka 1888 akamwoa Agnes Atakaye kwa ndoa ya Kanisa, wakazaa watoto. Habari za Kapiteni, hata kufa kwake mwaka 1927, zimejaa vitabu. Za mkewe ni mistari michache.

Kwetu Watabwa mtoto hupata ukoo kwa mama yake. Lakini siku zile watoto wengi waliokombolewa utumwani waliletwa misioni wangali wadogo, nao hawakuweza kulitaja jina la mama. Aliyepotewa na mama alipotewa na ukoo wote. Walipokua wakaoana, wakawa wakwe na mashemeji. Kanisa likawa ukoo wao. Hao ndio mabibi zetu.

Kitabu cha ubatizo chatupa jina la Kikristu na siku. Mengine yamo midomoni mwa wazee, nao wanatuaga mmoja mmoja. Kwa hiyo twawaomba: kila jamaa iketi na bibi yake, imwulize, “Mama yako aliitwa nani? Na mama yake je?” Majibu yaandikwe, yaletwe kwa Padri, yatunzwe pamoja na kitabu kile.

Mungu, aliyewaita kwa majina yao, awape raha ya milele. Amina.