Umefaulu Usaili, Mbona Jina Halipo?

Leo tunawazungumzia waliotoka kwenye usaili wa Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma wakiwa na matumaini, majina yakatoka, yao hayamo.

Wapo wanaoondolewa kabla hawajaulizwa lolote. Tangazo la usaili husema wazi: njoo na vyeti halisi, kuanzia cha kuzaliwa. Hati ya matokeo ya muda haipokelewi. Cheti kikiandika Mwanaidi na kitambulisho kikaandika Mwanahidi, utadaiwa hati ya kisheria inayothibitisha ni mtu yuleyule. Aliyesoma nje ya nchi, vyeti vyake viwe vimehakikiwa na mamlaka husika, kama Tume ya Vyuo Vikuu (TCU) au Baraza la Mitihani (NECTA). Inauma, maana haya humalizwa nyumbani mapema.

Wengine hukwama mbele ya jopo. Wakiambiwa wajieleze, husimulia ukoo na shule ya msingi mpaka muda unakwisha. “Najituma sana” kila mtu anasema! Sema ulifunga hesabu za duka la pembejeo, ukakuta upungufu, ukafanya nini. Hapo mjumbe anapata cha kuandika.

Na ipo sababu isiyo kosa lako: nafasi mbili, waliofaulu kumi. Waliofaulu wakakosa nafasi huwekwa kwenye kanzidata ya Sekretarieti, na nafasi ya kada yao ikipatikana wanaweza kupangiwa bila usaili mwingine. Basi usibadili namba ya simu kimyakimya. Ingia Ajira Portal, mfumo wa Sekretarieti wa kuombea kazi mtandaoni, uirekebishe, na usome kila tangazo la kuitwa kazini.