Injini ya Mashua Isipojibu

Jioni hii nataka kunena nanyi juu ya jambo limpatalo karibu kila mwenye mashua ya injini, awe mvuvi wa Pemba, mvushaji wa abiria wa Lamu, au mchukuzi wa mizigo ya Mafia. Nahodha huzungusha ufunguo, na injini haijibu. Hulia "tik" mara moja, kisha kimya.

Katika nchi kavu, gari lisipowaka, mwenyewe hushuka akaketi chini ya mwembe kumngoja fundi. Baharini hapana mwembe. Mashua iliyo nje ya mwamba wakati wa kusi haina nafasi ya kungoja, kwani upepo ule watoka kusini-mashariki, nao huisukuma pole pole kuelekea pale mawimbi yanapovunjika. Kwa hiyo kazi ya kwanza si ya umeme hata kidogo. Tupeni nanga ikiwa chini hufikiwa; isipofikiwa, twekeni tanga hata kama ni kitambaa kidogo, mpate kujiepusha na mwamba. Hapo ndipo mfunue kifuniko cha injini.

Tena, kabla ya kugusa waya, nusa. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, hushuka ukajikusanya katika ngama, na cheche moja ya umeme yatosha kuulipua. Ukiisikia harufu yake, acha kila kitu wazi upepo upite, wala usiguse swichi yo yote mpaka harufu iishe. Betri nayo, inapotiwa umeme, hutoa gesi inayowaka. Ukitaka kuifungua, ondoa kwanza waya wa hasi, maana spana ikiteleza kutoka upande wa chanya ikagusa chuma cha injini, hutoa moto mkali mbele ya uso wako.

Sasa tuje katika hitilafu yenyewe. Watu wengi wakiisikia ile "tik" huilaumu betri, nao huenda dukani kununua mpya. Fedha ya samaki wa siku nyingi huishia hapo. Linalodanganya zaidi ni kwamba betri mpya mara nyingi huiwasha injini kwa majuma machache, kwa kuwa ina nguvu ya kutosha kupenya katika uchafu ambao ile ya kwanza haikuweza kuupenya. Kisha "tik" hurudi. Katika mashua, betri hulaumiwa mara nyingi kuliko inavyokosa. Kosa huwa katika viungo, yaani pale waya unapokutana na betri, na swichi, na stata, na mwili wa injini.

Kumbukeni kwamba umeme hauendi tu, bali hauna budi kurudi. Hutoka kichwa cha chanya cha betri, hupita swichi kubwa, huingia stata, kisha hurejea kwa chuma cha injini na waya wa hasi mpaka betrini. Hesabu viungo vya njia hiyo nzima, utaona vyafika vinane au kumi. Kila kimoja hupigwa na hewa ya bahari, na chumvi ina tabia ya kuvuta unyevu hewani, hata kiungo kilichorushiwa maji mara moja hakikauki sawasawa. Shaba hugeuka kijani, na ndani ya mpira wake waya huwa mweusi kiasi cha shibiri, ilhali nje waonekana mzima.

Hapa watu huuliza, "Mbona taa zinawaka vizuri? Kama njia imeharibika, taa zapataje umeme?" Swali hili ni la haki, na jawabu lake ndilo ufunguo wa shauri zima. Kanuni iliyoandikwa na Georg Ohm mwaka 1827 yasema kwamba volti zinazopotea katika kizuizi ni sawa na kizuizi hicho mara ampea zinazopita. Tuseme kiungo kimoja kina uchafu wa omu 1 katika mia. Taa ndogo hutaka ampea 1 tu, basi hupotewa na sehemu 1 katika mia ya volti, nawe huoni tofauti. Lakini stata ya injini ndogo ya dizeli huweza kutaka ampea 200 inapoanza kuzunguka. Mia mbili mara moja katika mia ni volti 2, nazo zimepotea pale pale katika kiungo. Uchafu ule ule ambao taa haikuuhisi umeishinda stata.

Kwa sababu hiyo, kuipima betri injini ikiwa imelala hakutoshi. Betri ya volti 12 iliyojaa na kupumzika huonyesha 12.6 au kuzidi kidogo, ikionyesha 12.2 imebaki kama nusu, na chini ya 12 inakaribia kwisha. Jambo hilo lafaa kulijua, ila halikwambii habari za viungo, kwani kipimo chenyewe huvuta umeme kidogo mno. Ni lazima upime stata inapoombwa kazi.

Asiye na kipimo na atumie taa. Iwashe, kisha mwenzako azungushe ufunguo. Nuru ikibaki vile vile na stata ikanyamaza, umeme haukuombwa: tazama kwanza kama gia iko huru, maana injini nyingi hukataa kuwaka gia ikiwa imeingia, kisha fuata waya mwembamba utokao kwenye ufunguo. Nuru ikififia sana, umeme umeombwa ila hautoshi. Nayo ikizimika kabisa, kisha ikarudi ufunguo unapoachwa, shuku viungo vilivyo karibu na betri. Baada ya kujaribu, gusa viungo kwa uangalifu. Kilicho na joto ndicho kinachokula umeme.

Mwenye kipimo na aweke sindano moja juu ya risasi ya kichwa cha betri, na ya pili juu ya kibano kinachokishika, kisha stata iombwe. Kiungo safi huonyesha karibu na sifuri. Kikionyesha volti 1, mwizi amepatikana. Aendelee hivyo kutoka kichwa cha chanya mpaka bolti ya stata, na kutoka kichwa cha hasi mpaka chuma cha injini; kila upande usipoteze zaidi ya nusu volti. Ikiwa betri yenyewe, juu ya vichwa vyake, hushuka chini ya volti 9 na nusu ingawa imejazwa, hapo haki yake ni kubadilishwa. Lakini usiiombe stata zaidi ya sekunde 10 kwa mara moja, iache ipoe.

Kiungo kibovu hufunguliwa, hukwaruzwa kwa msasa mpaka chuma king'ae, na waya uliokwisha kuwa mweusi hukatwa hadi penye shaba nzuri. Kaza barabara, ndipo upake grisi juu yake. Wapo wapendao kupaka injini rangi ya kupendeza, wakaipaka hata pale bolti ya waya wa hasi inapokaa. Rangi hiyo huzuia umeme kama ubao. Hata utepe wa kuzungushia waya si dawa, kwani hufungia unyevu ndani.

Injini ikiisha kuwaka, kipimo betrini hupaswa kuonyesha kati ya volti 13.8 na 14.4. Kisipopanda, tazama mkanda wa alteneta kabla ya kuilaumu alteneta, wala usiondoe betri injini ikizunguka.

Injini ndogo za petroli zifungwazo shetrini, zile za kuvutwa kwa kamba, nyingi hazihitaji betri kamwe. Swichi yake ya kuzimia huua cheche kwa kuupeleka umeme kwenye mwili wa injini, basi maji ya chumvi yakiingia ndani ya swichi hiyo huizima kana kwamba umeizima wewe. Angalia kwanza kama ile kamba ya usalama ivaliwayo mkononi imo mahali pake.

Na juu ya fyuzi: ikikatika, weka nyingine ya kiasi kile kile, usitie msumari wala karatasi ya sigara. Ikikatika ya pili, fuata waya wake mpaka uone pale ulipochunwa na ubao, au ulipolala juu ya bomba la moshi.