Mbwa wa Shamba na Ugonjwa wa Saratani

Leo tuache kidogo ng'ombe na kuku, tumzungumze mbwa. Najua wako watakaocheka. Lakini wewe uliyelima mahindi pembezoni mwa msitu, Kilolo au Mufindi, unajua ni nani anayekesha na nyani na nguruwe pori mahindi yakianza kubeba. Mbwa akifa mwezi wa nne, shamba linabaki wazi, na watoto ndani ya nyumba wanalia.

Mbwa naye hupata saratani. Ziko za aina nyingi, lakini moja inaonekana sana kwa mbwa wanaozurura, nayo huambukizwa. Mbwa hupeana wanapopandana. Kitu cha ajabu ni kwamba hapa hakuna kidudu kinachohama. Chembe za saratani zenyewe ndizo zinazotoka mwilini mwa mbwa mgonjwa, zikajishika kwa mwingine na kuota, mithili ya pingili ya muhogo. Kuna uchunguzi wa mwaka 2019, uliopima vivimbe 546 vya mbwa wa nchi mbalimbali. Ulionyesha kwamba saratani hii ilianza kwa mbwa mmoja tu huko Asia, kati ya miaka 4,000 na 8,500 iliyopita. Mbwa yule alikufa zamani, ugonjwa wake ungali unatembea. Binadamu haumpati.

Sasa dalili. Mbwa dume akidondosha damu sehemu za siri, usiseme ni jeraha litapona. Dume hana sababu ya kutoa damu pale. Jike akiwa katika joto hutoa damu, ndiyo, lakini ikipita wiki tatu na bado inadondoka, mtazame. Utaona kinyama chekundu, laini, kimekaa kama koliflawa. Pengine huota puani, maana mbwa hunusana na kulambana. Hapo atatokwa damu puani na kupiga chafya. Kabla ya kumshika, hakikisha amechanjwa kichaa cha mbwa, na kama tabia yake imebadilika ghafla usimguse kabisa.

Katika kijiji kimoja cha Isimani mzee mmoja aliniletea mbwa wake amefungwa kamba ya katani. Kinyama kilikuwa kimekua kama ngumi, kimeoza, na mbwa haongozeki tena. Walikuwa wamempaka oili chafu, kisha maji ya betri. Mzee akaniuliza, "Bwana mifugo, huyu amenilindia shamba miaka saba. Kweli nimpige rungu?" Nikamjibu hapana, mzee wangu. Tulimwita daktari wa mifugo akamchoma sindano ya kumlaza, asiamke tena. Mzee alikaa naye, mkono juu ya kichwa chake, mpaka mwisho.

Linalouma ni kwamba saratani hii ni katika zile chache zinazopona vizuri ikiwahiwa. Dawa yake inaitwa vinkristini. Asili yake ni lile ua dogo la Madagaska, la waridi au jeupe, ambalo wengi tumelipanda mbele ya nyumba. Na dawa hiyohiyo huwatibu watoto wenye saratani ya damu. Lakini msiende kuchemsha majani yake! Ni sumu. Daktari humchoma mbwa sindano ndani ya mshipa mara moja kwa wiki, kwa kawaida wiki nne hadi nane. Ikivuja nje ya mshipa nyama huoza, kwa hiyo si kazi ya jirani mwenye bomba la sindano. Siku zinazofuata sindano, mama mjamzito asisafishe mkojo wala kinyesi cha mbwa huyo, na anayesafisha avae glovu. Na usikatishe dozi kwa sababu kinyama kimenywea wiki ya pili.

Gharama ipo, sitawadanganya. Waulizeni ofisi ya mifugo ya wilaya mapema, tena wenye mbwa wagonjwa mwende pamoja. Kuhasi dume na kumfunga jike wakati wa joto ni nafuu zaidi.

Kama amefikia pale alipofikia mbwa wa yule mzee, msimtupe porini, wala msitege nyama yenye sumu. Itaua mbwa wa jirani na tai pia. Mwiteni mtaalamu. Mzikeni mbali na kisima, shimo lifike kiunoni, juu muweke mawe fisi wasimfukue. Watoto wakitaka kuwapo, waacheni wawepo.