Kusanifu Vitu Nako ni Elimu



Ndugu zangu vijana, na nyinyi wazazi wetu, ahsanteni kwa kuja. Mada niliyopewa ni kujifunza kusanifu bidhaa katika vyuo vyetu vya ufundi. Sitawaweka sana, manake nyote mwajua futari haijipiki.

Tuanze na huko huko jikoni. Hebu itazameni mbuzi ya kukunia nazi. Aliyeibuni alifikiri: mtu akiikalia, uzito wake utaishikilia isisogee, na mikono yote miwili ibaki kwa kizio cha nazi. Hiyo ndiyo kazi ya kusanifu, kumfikiria mtumiaji kabla ya kushika msumeno.

Mfano wa pili ni jiko la mkaa lenye kiuno, bati nje na udongo uliochomwa ndani. Lilianza kuenea Kenya miaka ya 1980. Wazo lilitoka kwa jiko la ndoo la Thailand, lakini halikuigwa vivi hivi. Jiko la zamani la bati tupu lilipoteza joto jingi ubavuni. Udongo ukalizuia, na mkaa ukatumika kidogo. Hata hivyo, udongo wa mwanzo ulikuwa ukipasuka, na akina mama waliolijaribu walikuwa na lao la kusema. Umbo likabadilishwa: chini likawa pana, lisiyumbe mtu akisonga ugali, na udongo ukabaki sehemu ya juu tu. Leo mafundi wa jua kali wanalitengeneza kila mahali. Halikutoka kamili siku ya kwanza. Lilijaribiwa, likakosolewa, likarudiwa.

Sasa chuoni utajifunza nini? Kwanza, kuchora kwa vipimo, milimita kwa milimita, ili fundi wa Kisumu atengeneze ulichochora Malindi bila kukupigia simu. Pili, kuzijua mali ghafi: mbao ipi hujikunja, chuma kipi huliwa na kutu kwa hewa ya bahari. Tatu, kutengeneza sampuli ya kadibodi au mbao, kumpa mtu aitumie, nawe unyamaze umwangalie. Hapo pa kunyamaza ndipo pagumu! Akikosea kuishika, usimlaumu yeye. Rudi kwenye mchoro. Nne, hesabu: vifaa pesa ngapi, kazi masaa mangapi, faida iko wapi.

Kozi yenyewe yaweza kuwa na jina jingine, kama useremala, uhandisi wa mitambo au ubunifu wa mavazi. Usiishie kwenye jina. Uliza ndani yake mna kuchora, mna karakana, mna kutengeneza sampuli?

Najua wengi wenu mmemaliza Form Four na hamkupata ile C+ ya chuo kikuu. Mtaani mwaitwa ati mmeanguka. Mwengine sasa analala mpaka adhuhuri kwa kukata tamaa. Ndugu yangu, diploma yataka C-. Chini ya hapo kuna kozi za cheti na za artisan, na mtu hupanda ngazi kutoka hapo. HELB nao hukopesha wanafunzi wa vyuo vya ufundi.

Wazazi, nanyi msiseme hii ni njia ya walioshindwa. Technical University of Mombasa ilianza kama MIOME, chuo cha elimu ya ufundi kwa Waislamu. Sultani wa Zanzibar na Aga Khan ni miongoni mwa waliotoa mali zao kijengwe, na wanafunzi wa kwanza wakaingia mwaka 1951. Mwaka 1972 kikawa Mombasa Polytechnic, na 2013 kikawa chuo kikuu kamili. Wale waliotoa hawakuona haya kuwapeleka vijana karakana. Sisi haya hii tumeitoa wapi?

Neno jingine. Ukibuni umbo jipya usikimbilie kulianika sokoni. Sheria yetu ya mwaka 2001 yakuruhusu kulisajili kwa KIPI, miaka 5, na waweza kuongeza mara mbili hadi 15. Lakini sharti liwe jipya kweli, si la jirani ulilolibadilisha rangi.

Nawaachia kazi moja. Kabla ya Idi, kila kijana atafute kitu kimoja nyumbani kinachomtaabisha mama: birika linalomwaga chai pembeni, kabati lisilofunga, mfuniko unaounguza vidole. Muulize kinamtaabisha vipi, na umsikilize mpaka amalize. Kisha pima, chora, jaribu kutengeneza. Ikiharibika, chora tena. Baada ya Idi, chukua michoro hiyo, ile mibaya pia, uende nayo chuo cha karibu ukaulize kozi. Utakuwa na la kuonyesha zaidi ya gredi.

Ramadhan karim. Wassalaam aleykum.