Jino likingʼoka, litie kwenye maziwa
(Hotuba ya afisa wa habari wa kaunti kwa madaktari wa meno wanaodurusu mtihani wa kujiunga na shahada ya uzamili)

Mengi mnayoyakariri ni ya wataalamu. Nusu yake sisi wanahabari hatuwezi hata kuyatamka. Lakini lipo moja ninaloomba mwafikishie wazazi na walimu.

Mtoto akianguka uwanjani na jino la kudumu lingʼoke lote, nyinyi mnakumbuka dakika 60. Likikaa kavu kupita hapo, chembe hai zilizoshikamana na mzizi huwa zimekufa. Mwalimu hana habari. Atalisugua kwa sabuni, alifunge kwenye karatasi, amsubiri mzazi hadi jioni.

Mwambieni hivi: lishike sehemu inayoonekana mtu akicheka, usiguse mzizi. Likiwa na uchafu, lisuuze kidogo tu kwa maji safi, ulirudishe mahali pake, mtoto aume kitambaa, kisha mpeleke hospitali mara moja. Ikishindikana kulirudisha, litie kwenye maziwa baridi, si maji. Jino la utotoni lisirudishwe kamwe, kwani laweza kuliumiza la kudumu linalokua chini yake.

Na maziwa hayo, kioski kilicho karibu na shule kinayo.