Ramani ya Kielektroniki Chomboni: Maelezo kwa Wananchi wa Ngorongo



Leo tunazungumza juu ya kifaa ambacho abiria hukiona mbele ya nahodha lakini ni nadra kuuliza habari zake: ramani ya kielektroniki, inayoonyesha mahali chombo kilipo kwa msaada wa setilaiti.

Kwa meli kubwa za safari za kimataifa, kifaa hiki kilianza kuwa cha lazima, hatua kwa hatua, Julai 2012. Vyombo vidogo vya pwani yetu hutumia vifaa vya bei nafuu, na vingine hutegemea simu. Vyote huamini namba alizoandika binadamu, ziwe sahihi au zisiwe.

Mchanga wa delta huhama, hivyo nahodha hulazimika kuongeza alama yeye mwenyewe. Delta iko takriban nyuzi 8 kusini mwa Ikweta. Akiandika kaskazini badala ya kusini, fungu la mchanga litahamia Ethiopia! Kosa hilo huonekana mara moja. Linaloua ni kosa dogo. Dakika moja ya latitudo ni mita 1,852. Nahodha akipewa dakika 48 na sekunde 50, kisha akaandika dakika 48.50, kifaa kitasoma dakika 48 na nusu. Alama itakaa zaidi ya mita 600 mbali na fungu lenyewe. Katika mlango wa mto, umbali huo unatosha kukitoa chombo mkondoni na kukipandisha mchangani.

Aidha, ramani nyingi za zamani za nchi yetu zilichorwa kwa msingi wa vipimo usio ule wa setilaiti. Anayenakili namba zake bila kuzigeuza huweza kuihamisha alama kwa mamia ya mita.

Uzito wa ramani sahihi si jambo geni hapa. Mwaka 1914 manowari ya Kijerumani Königsberg ilijificha ndani ya delta hii. Wajerumani walikuwa wameipima mito yake. Ramani za Waingereza hazikuonyesha kuwa meli kubwa hivyo ingeweza kupita. Iliangamia Julai 1915 tu.

Kwa hiyo tunashauri yafuatayo.

Kwanza, anunuaye kifaa, kipya au cha mtumba, aonyeshwe tarehe ya ramani iliyomo na namna ya kuisasisha, na adai risiti.

Pili, nahodha anapoingiza au kusahihisha alama, mtu wa pili amsomee namba kwa sauti na kuzilinganisha na chanzo. Tarehe ya masahihisho iandikwe daftarini.

Tatu, bildi na pondo zisiachwe nyumbani. Kina kilichoandikwa ramanini huhesabiwa toka maji yakiwa yamekupwa sana; kilichopo chini ya chombo saa hiyo hujulikana kwa kupima.

Nne, ninyi mnaovuka kutoka Nyamisati kwenda Kilindoni, au mnaoshuka na mto, ulizeni kwa adabu: “Nahodha, ramani hii ilisahihishwa lini?” Aliyelipa nauli ana haki ya kujibiwa. Msiporidhika, mwarifuni msimamizi wa bandari kabla nanga haijang’olewa.

Tunawatakia safari za salama.