Karafuu Ina Fungu Lake, Mgeni Je?

Mada kwa semina ya masheha na maofisa wa serikali za mitaa, Unguja



Nimetakiwa nizungumzie marekebisho ya usimamizi wa utalii Zanzibar. Mniwie radhi, nitaanzia Pemba, kwenye karafuu. Mkulima wa Wete akipeleka karafuu zake kavu kituoni kwa Shirika la Biashara la Taifa la Zanzibar (ZSTC), anajua anachodai. Tangu mageuzi ya 2011, Serikali imesema hadharani kwamba mkulima apate asilimia 80 ya bei ya soko la nje. Atalalamikia mizani, atalalamikia daraja alilopewa, lakini fungu lake analijua. Sasa nimuulize sheha wa Kiwengwa: mgeni akilala siku saba katika shehia yako, fungu la shehia ni lipi?

Tunachokijua vizuri ni idadi. Mwaka 2020, mwaka wa korona, waliingia wageni 260,644. Mwaka 2024 walikuwa 736,755. Ofisi ya Mtakwimu Mkuu wa Serikali hutoa hesabu hizi kila mwezi, nchi kwa nchi, na kazi yao sina ugomvi nayo. Ugomvi wangu ni sisi kuifanya hesabu ya wanaoshuka uwanjani kuwa ndiyo mtihani wa mafanikio. Wageni wakizidi, tunapiga makofi na kwenda zetu.

Hebu mfuateni mgeni mmoja. Amelipia kila kitu kwao Italia kabla hajapanda ndege: chumba, chakula, hata kinywaji cha jioni. Juu ya hayo analipa bima ya dola 44, iliyoanza Oktoba 1, 2024, inayokwenda Shirika la Bima la Zanzibar. Viza nayo analipia, na uhamiaji ni jambo la Muungano ingawa utalii wenyewe si la Muungano. Samaki wa sahani yake pengine amevuliwa Nungwi; viazi na nyanya mara nyingi vimevuka bahari kutoka bara. Papasi anayemfuata ufukweni akimwita rafiki anatafuta kipande cha fedha ambacho kwa sehemu kubwa kimeshatumika kwingine. Tunawakamata papasi kila msimu. Sijaona tukijiuliza wanafukuzia nini.

Upande wa ofisi nitapita haraka, maana mnaujua kuliko mimi. Hoteli moja ina mlango ZIPA kwa uwekezaji, Kamisheni ya Ardhi kwa kiwanja, ZEMA kwa mazingira, Kamisheni ya Utalii kwa leseni, ZRA kwa kodi, ZAWA kwa maji, na halmashauri kwa taka. Sheha huitwa siku ya kupima mpaka, kisha huitwa tena siku ya ugomvi.

Na ugomvi upo. Kilimo cha mwani cha kibiashara kilianza pwani ya mashariki mwaka 1989, Paje na Jambiani, na kikawapa kina mama fedha wasiyoomba kwa mtu. Leo maji yakijaa Paje, juu ya vijiti na kamba zao zinapita tiara za wageni wanaoteleza kwa upepo. Bahari ni ile ile, upepo wa kusi ni ule ule, wenye haja nao wamekuwa wawili. Mama aliyekatiwa kamba aende mlango upi kati ya ile niliyoitaja? Nimewahi kumuuliza ofisa mmoja swali hilo. Akaniambia niandike barua.

Sipendekezi mamlaka mpya. Mfano tunao, na hauko mbali. Jozani, iliyotangazwa hifadhi ya taifa mwaka 2004 pamoja na Ghuba ya Chwaka, sehemu ya mapato ya wageni hurudi vijiji vinavyoizunguka. Wakulima wanaoliwa mazao na kima punju wamekuwa wakilipwa kifuta jasho kutokana na fedha hiyo ya utalii. Mpango huo una manung'uniko yake. Wapo wanaosema kifuta jasho hakilingani na jasho. Lakini angalieni manung'uniko yenyewe: watu wanabishana juu ya kiasi, kama wakulima wa karafuu. Kiwengwa hatuwezi hata kubishana, kwa kuwa hakuna kiasi kilichotajwa.

Basi naomba jambo moja. Katika tozo tunazomlipisha mgeni, fungu la shehia anakolala liandikwe kwenye kanuni, kwa asilimia, kama ilivyotamkwa ya karafuu. Wakubwa watasema hazina ya Serikali ni moja na skuli na hospitali hujengwa kutoka humo. Ni kweli, na fungu lenyewe laweza kuwa dogo. Ila likiwa na tarakimu, sheha ataacha kuuliza wageni wangapi wamekuja, ataanza kuuliza wamelala wapi, mboga zilinunuliwa kwa nani, na kwa nini vijana wake wanarudishwa nyumbani bila mshahara masika ikiingia.

Tujaribu kwa shehia mbili, moja ya Unguja na moja ya Pemba, kwa mwaka mmoja, mapato na matumizi yakibandikwa kila mwezi. Ubao hauna haja ya kununuliwa. Ukuta ule ule tunaobandika orodha ya wapiga kura unatosha.